Ukurasa Uliofungiwa Karanga

Ndugu waombolezaji, nyie mliotoka Kabungu, Kakese na Litapunga, na nyie majirani wa hapa Mpanda mjini, kazi ya kusoma historia hii familia imempa Dina, mdogo wake marehemu, ambaye aliikataa mara mbili, mpaka wazee walipomwambia kwamba hakuna mwingine anayeijua yote.

Mwalimu Zefania Cletus alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Kabungu, mtoto wa kwanza wa mzee Cletus, mrina asali, na mama Gaudensia, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo, na kabla hajaanza darasa la kwanza mwaka 1969 alikuwa ameshaanza kuingia msituni na baba yake. Nyumbani walisema Kibende cha kila siku, lakini ukoo wao ulikuwa pia na Kibende chake cha porini, kwa sababu mrina asali akishaiacha njia kuu haiti mti, nyuki wala simba kwa jina la nyumbani, na maneno hayo walifundishwa wavulana tu, kwa hiyo Dina aliyasikia mlangoni, baba na kaka wakirudi na ndoo zao, akanawishwa mikono na kupewa masega, maneno hakupewa.

Marehemu alimaliza darasa la saba mwaka 1975, sekondari mwaka 1979 na chuo cha ualimu mwaka 1981, akaanza kufundisha Kakese Januari 1982, akahamia Litapunga mwaka 1994, akastaafu Machi 2021. Tarehe 8 Novemba 1986 alifunga ndoa na Katarina, wakajaliwa watoto wawili, Heri na Happiness, waliolazwa kila siku kwa hadithi za nchi isiyo kwenye ramani, ambako miti hukumbuka jina la kila aliyeipanda na kila aliyeikata.

Hadithi hizo zilizaa vitabu vitatu kwa Kiswahili, mwaka 1998, 2006 na 2015, ambavyo tuseme ukweli wengi wetu hapa hatukuvisoma, na wapo wa jumuiya yetu walionong'ona kwamba mwalimu anaandika uchawi. Yeye hakukasirika, aliwajibu kwamba imani ni kumwita usiyemwona ukiwa na hakika anasikia, na kwamba yeye kwenye daftari hafanyi zaidi ya hapo. Kuhusu safari alisema aliyeingia porini akarudi bila asali ametembea tu, na kuhusu msitu alisema hauanzi kufa kwa shoka, unaanza siku mtu anapoupita mti akauita mti tu, na nyie mnaokuja na barabara ya Kabungu mmeona wenyewe kilichobaki.

Ndiyo maana kitabu cha nne, kilichomchukua miaka tisa na kujaza madaftari sita, alikiandika kwa Kibende cha porini, akisema miti haina sababu ya kusikiliza Kiswahili. Baba mdogo Anicet, mtu wa mwisho aliyeyajua maneno yale pamoja naye, alikuwa amefariki mwaka 2019, na marehemu alitaka kumfundisha Dina, desturi au si desturi, akamwita mara nyingi, na Dina kila mara alimjibu, "Tutaanza kaka, ngoja nimalize kuvuna."

Februari 2024 figo zilimlaza hospitalini, Katarina akabaki naye, Dina akaja kusafisha nyumba kwa ajili ya wageni. Chini ya meza alikuta rundo la madaftari ya zamani ya wanafunzi, na kati yake sita ambayo hakuweza kusoma hata mstari mmoja, akadhani ni mazoezi ya watoto wasiojua kuandika, na kwa kuwa Jeniffer, muuza karanga wa stendi, alikuwa ameomba karatasi za kufungia, akampa rundo lote. Jeniffer hana kosa lolote, na Dina anaomba asisemwe.

Marehemu aliporudi nyumbani Aprili aliuliza mara moja, akaambiwa, kisha akamtania mdogo wake aliyekuwa akilia, "Nyamaza Dina, safari hii angalau watu wameondoka na kazi yangu." Akaanza kukiandika upya, lakini majina ya miti yalimponyoka, akawa anaacha nafasi wazi ili aje amuulize mtu, na hakukuwa na mtu, hata ukurasa wa kumi na moja ukawa nafasi tupu. Alifariki Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupika tangu juzi, walimu wenzake wa Kakese na Litapunga, na ndugu Nassib mwenye duka, aliyekula karanga za Jeniffer mwezi Machi, akaona maandishi asiyoyaelewa, akaona haya kuyatupa, akatunza karatasi hiyo kwenye droo mpaka aliposikia msiba.

Ndio ukurasa pekee uliopatikana, una mafuta pembeni, na tangu juzi tumeuzungusha kwa wazee wote waliofika, wakatambua neno moja moja la nyumbani, mengine hapana. Dina atausoma sasa, kwa sababu herufi zake ni hizi hizi alizotufundisha mwalimu mwenyewe, ila hajui anachosoma, wala kama ni mwanzo wa safari au ni mwisho wake, na akikosea, wa kumsahihisha ndiye huyu aliyelala mbele yetu.

Lala, kaka Zefania, upumzike. Dina amemaliza kuvuna.