Mishono ya Mama Mkwe

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, madaktari na wauguzi wa kitengo cha meno, mama yangu mzazi uliyedai kiti cha mbele ili usipitwe na neno, ndugu wageni waalikwa: mimi ni mke wa daktari anayestaafu leo. Waliotangulia wamemsifu kwa vyeti. Mimi nitamsifu kwa jino la mama yangu, ambaye ameniruhusu kulisema mradi nisitaje umri wake.

Jino lenyewe ni la mbele. Lilikuwa limetibiwa mzizi mara mbili, kwingine, na usaha ukarudi. Mume wangu akasema kilichobaki ni kupasua fizi, kukata ncha ya mzizi na kusafisha. Hilo likishindikana, ling'olewe. Sasa, mnajua wakwe wanavyoheshimiana. Mtu ambaye hajawahi kumtazama mama usoni sawasawa, leo amtazame mpaka ndani ya taya? Akaomba mwenzake afanye. Mama akakataa katakata. Si kwamba alimpenda mume wangu; hakuwa amempenda tangu siku ya posa. Kwake alikuwa "huyo bwana wako" tu. Akasema, "Alinichukulia binti mzima, basi na jino alirudishe zima."

Upasuaji ukaenda vizuri. Palipokuwa na uchafu pakabaki shimo kwenye mfupa, naye akalijaza chenga za mfupa wa ng'ombe zilizosafishwa. Mama kusikia hivyo, mdomo ungali na ganzi, akasema wakwe wengine huleta ng'ombe mlangoni, huyu kamleta kinywani. Mume wangu akamweleza kwa upole kwamba fizi ina haraka, mfupa hauna. Chenga zinashika nafasi tu, fizi isiingie, mpaka mfupa wake mwenyewe uote.

Lakini mama ni fundi cherehani. Alipofika nyumbani alisimama mbele ya kioo, akainua mdomo, akakagua mishono. Akaona ncha za uzi zinaning'inia. Je, kuna fundi anayejiheshimu anayeacha uzi ukining'inia? Akachukua mkasi, akazipunguza mpaka kwenye fundo, na fundo likafunguka.

Ndugu zangu, niliogopa kweli. Chenga zikimwagika, jino limekwenda, na mimi nitakuwa mke wa mtu aliyemng'oa mama meno mpaka kufa kwangu. Mume wangu alimrudisha kitini, akashona upya bila neno la lawama, kisha akamwambia, "Mama, hukukosea. Mimi ndiye niliyeacha ncha ndefu." Si kweli. Muuguzi wake yule pale, muulizeni.

Miezi ikapita, eksirei ikaonyesha shimo limejaa. Mama akauliza chenga za ng'ombe ziko wapi. Akaambiwa zipo, ila mfupa wake umezishika, hata daktari mwenyewe hawezi tena kuzitenganisha. Alibaki akiikagua picha ile kama gauni lililoshonwa na fundi mwingine.

Siku hiyo tulipoandaa chakula, mama aliniagiza, "Mwite mwanangu aje ale." Nikaenda kumwita kaka yangu. Mama akanirudisha.

"Si huyo," akasema. "Yule aliyenidanganya kuhusu uzi."

Mume wangu, hospitali imekuruhusu uende. Mama hajakuruhusu. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunitegea sikio.