Moyo Usio na Karatasi

Benchi la kahawa la Tomaso hapa Machochwe linatazamana na lango la kituo cha afya, na asubuhi ile liligeuka wodi ya wanaume. Mwikwabe, mkewe Bhoke akiwa ndani na uchungu wa mimba ya kwanza, hakuweza kusogea langoni: mama mkwe wake alikuwa kule, na kwa desturi yetu mkwe hamkaribii mama mkwe. Kulia kwake alikaa Kanuni, karani mstaafu wa kata. Kushoto Odoyo wa mitumba ya mpakani, tunayemwita Sirari. Mimi nilikuwa kwenye kikombe cha pili.

— Nesi Dorka alituambia tuchague, alisema Mwikwabe. Alale amefungwa mkanda wa mashine hospitali ya wilaya, au azalie hapa, nesi awe anakuja kusikiliza moyo wa mtoto kwa kile kibomba cha kuwekea sikio tumboni. Mimba haina shida, alisema. Moyo ukibadilika, wanamkimbiza wilayani.

— Na wewe ukachagua kibomba? aliuliza Kanuni.

— Bhoke ndiye aliyechagua. Anataka kutembea. Alisema hafungwi kama ndama.

— Kibomba, bana? alisema Sirari. Ng'ambo huko mashine inatoa karatasi ndefu kama risiti ya supamaketi.

— Ndiyo hoja, alisema Kanuni. Moyo usio na karatasi haujapiga. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, na huyu nesi anatumia sikio.

— Anasikiliza, anaondoka, anarudi, alinung'unika Mwikwabe. Akiwa ameondoka je?

— Haba na haba hujaza kibaba, nilimwambia.

— Hiyo ni ya mahindi. Mtoto mwenye karatasi tangu tumboni, alisema Kanuni, hata kitambulisho cha taifa hapangi foleni.

— Kuna mashine inajua mpaka kama atakuwa mbunge, alisema Sirari.

— Hiyo izimwe mapema, alisema Tomaso.

Mama mkwe akatokea langoni. Mwikwabe akageukia ukuta.

— Shikamoo, mama, tulisema sote isipokuwa ule mgongo.

— Marahaba. Alisimama ng'ambo ya barabara, akaliambia birika la Tomaso, maana mkwe hasemeshwi: Birika, mwambie mwenye mgongo huo ni msichana. Ametoka analia, mama yake mzima. Dorka hakuchoka kuinama pale tumboni. Mungu amtunzie masikio.

Mwikwabe aliuambia ukuta asante. Kanuni akavua kofia, akakubali kushukuru bila karatasi.

— Na nyinyi mnaojua mashine zote, aliuliza mama, uji wa mzazi uko wapi?

Tomaso akamwaga kahawa iliyobaki. Birika likaenda kuchemsha uji.