Kituo cha Mtaa wa Birch

Tangu basi liondoke katikati ya jiji la Toledo, Verna Kubiak alikuwa akijifanya anasoma gazeti, ilhali masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Ilikuwa Februari ya 1968, na habari ni Vietnam tu.

"Sasa ndiyo wamekwisha, mama," alisema mzee mwenye kofia ya askari wastaafu. "Wametoka msituni wenyewe, tumewapiga mchana kweupe. Vita imegeuka."

"Hata Krismasi mlituambia wamekwisha," akajibu mama aliyepakata mfuko wa viazi. "Waliokwisha ndio hao walioingia ubalozini kwetu Saigon?"

"Hawakutoka hai."

"Na wetu je? Mwanangu yuko huko, baba. Wewe una nani?"

Sauti ya mzee, iliyokuwa ikifika hadi kwa dereva, sasa ilimlazimu Verna kuinama ili aisikie. "Mjukuu," alisema.

Verna alikunja gazeti. Mwanawe, Dennis, alikwenda huko Oktoba.

Basi likaingia Mtaa wa Birch. Mbele kidogo ya kituo lilikuwa limeegeshwa gari la jeshi, na maofisa wawili waliovaa sare za heshima walikuwa wakitembea polepole, wakisoma namba za milango, kama wafanyavyo wanaoleta habari ya kifo cha askari.

Basi likasimama, mlango ukafunguka, baridi ikaingia. Wote watatu walikuwa wakishuka hapo.

"Tangulia, baba," alisema yule mama.

"Hapana. Wanawake kwanza."

Kisha wote wawili wakageuka, wakamtazama Verna.

Dereva akauliza kama kuna anayeshuka.