Hilda Zablon Masinjisa na Dawa za Mwaka Mzima

Ndugu waombolezaji, wasifu huu unasomwa na Lea, mdogo wake marehemu wa kumfuatia. Wanawe wameupitia kabla haujachapwa na wameridhia kila mstari.

Marehemu Hilda alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa hapa Haneti, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Zablon Masinjisa na Mama Miriam, wakulima wa karanga na mtama. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari mjini Dodoma, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989. Baadaye alisomea utunzaji wa kumbukumbu.

Mwaka 1993 aliajiriwa serikalini akiwa karani wa masjala, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwake jalada halikutoka bila saini, hata mwombaji awe mkurugenzi. Tabia hiyo aliihamishia nyumbani Makole. Jirani aliyeazima chekeche alisaini daftarini. Mdogo wake aliwahi kuazima kitenge cha harusini, akachelewa kukirudisha, akaletewa barua ya kukumbushwa, yenye namba ya kumbukumbu na mahali pa kujibu. Kitenge kilirudi kesho yake, kimepigwa pasi.

Tarehe 21 Juni 1997 alifunga ndoa na Elisante Kitundu, mfanyakazi wa reli katika kituo cha Gulwe. Walijaliwa watoto wawili, Anjelina na Damas. Elisante alifariki mwaka 2014 kwa ugonjwa wa figo. Alikonda sana kabla ya kufa, na wapo waliosema maneno yao. Marehemu aliyasikia yote.

Mwezi Mei 2024 alianza kukohoa, kutoka jasho na kupungua uzito. Kwa miaka saba alikuwa akitumia dawa za maumivu ya viungo, zile zinazopunguza kinga ya mwili. Makohozi yalipimwa kwa hadubini, ikasemwa ni kifua kikuu. Alimeza dawa za kifua kikuu miezi sita bila kuruka hata siku moja, na kikohozi hakikuondoka. Februari 2025 alipelekwa hospitali nyingine. Mtaalamu wa maabara pale, kijana aitwaye Adamu, aliotesha makohozi yake kwenye sahani ya maabara. Sahani za namna hiyo kwa kawaida hutupwa siku ya pili au ya tatu zisipoota kitu. Yeye aliiacha. Siku ya sita yakaota madoa makavu, meupe kama chokaa. Ilikuwa Nokadia, bakteria wa udongoni. Rangi ya kupimia kifua kikuu humshika kidogo, ndiyo maana bakteria huyo alidhaniwa ni wa kifua kikuu. Adamu alimwambia marehemu kwamba wadudu hao wakiota hunuka kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza.

“Basi wametoka kwetu Haneti,” marehemu akasema. “Nimepeta karanga huko kila mwaka.”

Alipimwa pia virusi vya UKIMWI, hakuwa navyo. Dawa aliyoandikiwa ilikuwa Septrini, vidonge vingi, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Daktari alimsisitizia asiache hata akijisikia mzima. Alianza tarehe 3 Machi 2025. Makopo aliyaweka juu ya meza ya sebuleni ili asisahau, na pembeni yake daftari, kila dozi na alama yake ya vema. Kufikia Juni kikohozi kilikuwa kimekwisha. Kufikia Agosti alikuwa amenenepa.

Tarehe 6 Septemba ilikuwa sendofu ya Anjelina, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Jumatano tarehe 27 Agosti wageni wa kwanza upande wa bwana harusi walikuwa njiani kuja kulala nyumbani. Sote hapa tunajua Septrini ya kila siku watu huitafsiri vipi: kwamba ni ya wenye virusi. Mdogo wake akamwambia, “Dada, toa haya makopo mezani. Wakwe wataelewa vingine, na unajua yaliyosemwa kwa shemeji.”

Marehemu aliyaangalia makopo, akasema, “Sawa.”

Mdogo wake ni mimi ninayesoma. Wageni walilala chumbani kwake wiki mbili, na kabati alimoyaweka makopo lilikuwa humo. Alijisikia mzima. Nadhani alipanga kuanza tena wakishaondoka.

Novemba kichwa kilianza kumuuma, na mkono wa kushoto ukawa unaangusha vikombe. Picha ya kichwa ilionyesha majipu matatu kwenye ubongo. Daktari akamuuliza kama aliendelea na dawa. Dada aliniangalia, kisha akamgeukia daktari. “Nilisahau,” akasema. Hakuwa mtu wa kusahau. Nilikuwepo, na nilinyamaza. Alichomwa sindano wiki tisa, akafariki Alhamisi tarehe 15 Januari 2026, saa nne asubuhi.

Juzi nilifungua daftari lake. Vema ya mwisho ni ya asubuhi ya tarehe 27 Agosti. Chini yake ameandika kwa mwandiko wake wa ofisini: “Dawa zimehamishiwa kabatini. Kwa maelekezo ya Lea.” Na saini yake. Kurasa zinazofuata hazina kitu. Sijalia mpaka sasa. Nasoma kama mtu anayesoma tangazo.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Mama Miriam. Watoto wake Anjelina na Damas. Mkwe wake Denis. Na ndugu zake wanne, Sila, Yotham, Edina na mimi. Wakwe wa Anjelina wapo hapa. Shikamooni. Dada yetu alikuwa na Nokadia, na dawa ile ilikuwa inamponya.

Makopo yaliyobaki nimeyatoa kabatini. Mtakaokuja Makole kutupa pole mtayakuta mezani, sebuleni, mahali alipoyaweka mwenyewe. Daftarini, chini ya mstari wake, nimeandika: “Zimerudishwa. Lea.” Nimesaini.

Bwana ampokee Hilda na kumpumzisha.