Mayai ya Tekla na Hita Isiyosubiri

Kijiwe chetu ni benchi la Tamimu muuza kahawa, hapa Mlabani. Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika, na habari ilikuwa moja tu: mayai ya Tekla. Mashine yake ya kutotolesha vifaranga inaongozwa na kompyuta ndogo aliyofungiwa na Evod, fundi kijana wa kijiwe chetu, na imeshamwivishia mayai mara mbili. Sasa yamo mia mbili mengine, ya mwisho aliyonayo. Mimi siku hiyo sikumwamini mtu, hata Tamimu.

— Kuna mkono wa mtu, alisema Kasmiri, tunayemwita Mpelelezi. Mara zote mbili umeme ulikatika kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini tena? Tamimu akauliza.

— Cha fitina. Kuna mfuga kuku Kidatu anamwonea wivu. Ana mtu wake kwenye nguzo za umeme.

— Mimi naona kompyuta yenyewe imetumwa, Tamimu akasema huku akimimina. Inasubiri mayai yajae ndiyo inaharibu.

— Acheni hizo, wazee, Evod akasema. Umeme ukirudi, mfumo unaamsha vifaa kimoja kimoja. Kila kifaa kina draiva, yaani programu yake ya kukiamsha. Kipimajoto kikichelewa kuamka, hita inachoma tu, haijui joto limefika wapi.

— Kumbe hita ndiyo shushushu, Mpelelezi akasema. Nani anailipa?

— Hailipwi. Inatakiwa iambiwe imsubiri mwenzake.

— Wewe uliiambia? nikamuuliza.

Evod akakitazama kikombe.

— Nilipoijaribu kule kwangu ilikubali mara kumi. Nilikuwa nachomeka kipimajoto kwanza, halafu hita. Kwa mkono wangu.

— Na kwa Tekla?

— Kwa Tekla vyote vipo kwenye waya mmoja, vinapata umeme kwa pamoja.

Hapo nikajua wa kumshuku. Kabla sijasema, Tekla akafika na baiskeli, pumba nyuma.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

— Evod, umeme ukirudi sasa hivi, kipi kitaamka kwanza?

Mpelelezi akakohoa. Tamimu akajifanya anapuliza mkaa.

Ng'ambo ya barabara, mashine ya kukoboa mpunga ikaanza kunguruma: umeme umerudi.

Tekla akageuza baiskeli, akaikanyaga kwa nguvu, pumba zikimwagika njia nzima. Evod akamkimbilia, kandambili moja ikabaki chini ya benchi. Sisi tulibaki tumekaa, na niliona aibu.