Kikuba cha Hamisa

"Kaa eda, Hamisa. Watu wanasema."

"Nikae eda ya nani? Maiti mmeiona nyie?"

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo yalisemwa kisimani Buguruni, miaka ya vita, ndoo ziko chini na kila mtu katega sikio. Aliyeanza ni Mwanabaraka, kiongozi wa chama cha lelemama, ngoma ya wanawake. Aliyejibu ni jirani yake, Hamisa, mtunga vikuba vya asumini. Hamisa huyo ndiye tuliyemzika Temeke juma lililopita. Wimbo wake mnaujua wote. Mwenyewe wengi hamkumjua.

Mumewe, Kondo, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Alipelekwa Burma. Ikaja taarifa kwamba haonekani. Sikilizeni vizuri: haonekani. Hawakusema amekufa. Mtaa ukamzika hivyo hivyo. Hamisa akakataa. Kukaa eda, alisema, ni kumfukia mtu kwa mdomo. Kila Ijumaa alioga, akapaka wanja, akabandika kikuba kifuani, akakaa dirishani. Kondo alipenda harufu ile.

Basi Mwanabaraka, mwenye ulimi wa pilipili, akatunga. Lelemama ndivyo ilivyo: mtu hatajwi jina, na hakuna asiyemjua.

*Mjane huyu wa gani, kikuba ki kifuani,*
*Mume yuko mchangani, yeye yuko dirishani.*

Waliuimba harusini, nyumba ya pili kutoka kwa Hamisa. Ukapendwa mno. Wageni wa Kinondoni wakarudi nao kwao. Bendi za dansi zikautia magitaa, mwisho ukaingia kwenye sahani ya santuri. Vijana mnaoucheza leo mnadhani ni mzaha tu.

Vita vikaisha. Mfaume, aliyekuwa kikosi kimoja na Kondo, akapiga hodi kwa Hamisa. Akamkuta na kikuba kifuani. Alikaribishwa kiti, akashindwa kukaa. Alisema Kondo alifia kando ya mto, karibu mwaka mzima nyuma, na yeye Mfaume ndiye aliyemzika.

Hamisa hakupiga ukelele. Alibandua kikuba, akajifunga nguo nyeupe, akaenda kwa shehe wa mtaa kumwambia kwamba sasa yuko tayari kukaa eda. Shehe akainamisha kichwa. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, na huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku mke alipopata habari.

"Eda yako imekwisha, mwanangu," akamwambia. "Imekupita."

Ilimpita, wasikilizaji. Ilimpita yuko dirishani, ananukia asumini.

Mwanabaraka aliposikia alikwenda kumwangukia miguuni. Mwishehe, kaka yake Hamisa, alikuwepo, naye ameniambia dada yake hakugombana wala hakulia. Alisema tu: "Hukusema uongo, jirani. Kweli alikuwa mchangani."

Bora angemtukana. Mwanabaraka akaupiga marufuku wimbo ule chamani. Lakini wimbo si kuku, useme utamrudisha bandani kwa punje za mtama. Hamisa alihamia Temeke kwa kaka yake; harusi ya kwanza kule, wakauimba. Akafunga dirisha. Nguo nyeupe hakuivua tena mpaka tulipomvisha sanda.

Wengi mmeniomba niiweke sahani hiyo leo. Leo siiweki. Mwishehe na jamaa zako wote, poleni sana. Mungu awape subira. Na sie tunaopenda habari za watu, tukumbuke kwamba anayeimbwa naye ana masikio.

Ila niwasimulie niliyoyaona siku ya hitma. Nyumba ilijaa, watu mpaka barazani. Mwanabaraka, mvi zimeshamwingia, alisimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi, hasogei wala haondoki. Wanawake walimwona, wakanong'onezana. Hakuna aliyemwita. Ubwabwa ulipoanza kupakuliwa, Mwishehe akatoka, miguu mitupu, akavuka mpaka aliposimama.

"Dada Mwanabaraka," akamwambia, "jua linakuchoma. Kuna sinia la wanawake lina watu watatu tu. Pita ndani ule."