Saa ya Kifuani

Basi halijafika Gazi, na karani Jefwa alikuwa keshapandwa na hasira.

"Serikali yetu mpya imekusomesha uuguzi, bibie, nawe umeacha wodi ukakande kwa mafuta ya nazi matumbo ya waliojifungua!"

"Wodini mama akilia mgongo, niliambiwa niandike hajambo," Mwanasha alimjibu kwa ukali. "Mikono yangu ilikataa."

"Basi ivue hiyo saa ya uuguzi kifuani!"

"Nitaivua siku utakapozaa wewe, bwana."

Abiria walicheka. Tumu, aliyempakata mwanawe mchanga kiti cha nyuma, hakucheka. Yeye pia aliandikiwa hajambo, na tangu ajifungue hakuweza kumwinua mwanawe bila kukaza meno.

Basi liliposimama Gazi, Mwanasha alishuka huku akifoka. Tumu, aliyekata tikiti ya Msambweni, alikaza meno, akambeba mtoto, akamfuata.